Mwalimu Aliyetuuliza Tuko Aje

Mtu akiniuliza habari yangu nasita kidogo kabla ya kujibu, na wateja wangu hapa Gitothua wamezoea kudhani nina maringo. Mtu amekuja kununua chakula cha kuku, amesalimia kwa adabu zake zote, "Sasa mama agrovet, uko poa?" nami namkodolea macho utadhani kaniuliza hesabu. Si maringo. Nilikulia mlango kwa mlango na mwanamke ambaye hakukubali neno "poa," wala "mzima," wala "salama," na ingawa tumeshamzika, bado nahisi amesimama mahali fulani, mkono kiunoni, akisubiri nimwambie jambo la kweli.

Tulimwita Mwalimu. Cheti cha ualimu hakuwa nacho, wala hakuwahi kufundisha katika shule yenye kengele. Siku za kazi alikuwa fundi wa nguo, akishona kwenye baraza ya duka moja pale Kamenu, Thika, na Jumapili alifundisha watoto kanisani, kwenye banda la mabati lililokuwa nyuma ya vyoo. Sisi na yeye tulipanga katika ploti moja. Mama yangu alikuwa rafiki yake na mpinzani wake pia, maana walibishana juu ya kila kitu kuanzia kamba ya kuanikia nguo mpaka siku ya kiama.

Darasa lake lilianza kwa namna moja tu. Hatukuimba kwanza wala kuomba kwanza. Tulisimama sote mbele ya mabenchi, mikono ubavuni, naye akapita akiuliza mtoto mmoja mmoja, "Uko aje?" Hukuruhusiwa kukaa mpaka useme jambo la kweli. Ukisema "niko poa," alikuruka na kukuacha umesimama. Ukimwambia "Bwana asifiwe," ukidhani umempata, alikuambia, "Huyo amesifiwa tayari. Mimi nauliza wewe." Basi mtoto angejikuna, angetazama viatu, na mwishowe jambo lingetoka. "Niko na njaa." "Baba hakurudi." "Nimeogopa kwenda shule kesho." Kuna mmoja alisema, "Nataka kukojoa," na tulipocheka Mwalimu alitunyamazisha kwa jicho. Kila aliyesema la kweli alijibiwa maneno yale yale.

"Hiyo ni ya ukweli. Kaa."

Hakukuongezea ushauri hata kidogo, ulikaa tu. Sijui kama naweza kueleza utamu wa kukaa kwenye benchi lile baada ya kusema kwamba una njaa, mbele ya watoto wengine wenye njaa, na mtu mzima akakubali kwamba ndiyo, ni kweli, una njaa. Alikuwa na mkate kwenye kikapu chake, na baada ya somo aliwagawia waliosema njaa. Wajanja waligundua mapema, wakawa wanasema njaa hata wakiwa wameshiba chai na viazi vitamu. Mama alimwonya kwamba anachezewa. Mwalimu akajibu, "Najua wananidanganya. Lakini hata kutamani mkate ni njaa."

Sababu ya mchezo wake aliwahi kutueleza mara moja tu. Alisema Mungu si mgeni. Mgeni ndiye anayefichiwa sufuria chafu chini ya kitanda, akakaribishwa kwenye kiti chenye kitambaa. Mungu huingia kwa mlango wa nyuma, sufuria ameshaziona, sasa ukimwambia nyumba ni safi unamfanya nini? Kwa Mwalimu, huko ndiko kukiri. Unamwambia Mungu yale ambayo ameshayaona. Neno hilo, kukiri, tulilijua kwa maana hiyo peke yake, na laiti lingebaki hivyo.

Nisimfanye malaika lakini. Alikuwa mkali na mchokozi, na ukimpelekea sketi iliyong'oka kifungo alikugombeza kana kwamba umevunja kioo cha kanisa. Kisha alikushonea bure. Kiswahili chake kilikuwa cha kwetu hasa, herufi za r na l zikipishana zinavyotaka zenyewe. Wakati mmoja akina mama wa kanisa waliandaa chakula, wakampa yeye kazi ya kuandika tangazo kwenye ubao wa langoni. Akaandika kwa chaki kwamba Jumapili baada ya ibada kutakuwa na kura, kila mtu aje. Alitaka kusema kula. Jumapili hiyo wazee wa kanisa walifika na suti na vitambulisho, mwenyekiti wao akiwa amekusanya jamaa zake wote wa kumpigia, maana aliamini kuna njama ya kumng'oa. Walipofunguliwa sufuria za mukimo hakuna aliyejua acheke au akasirike. Mwenyekiti alikula kwa hasira, na Mwalimu akapita nyuma yake na sahani akimwambia, "Umepita bila kupingwa, mzee."

Na alitamani mali. Nasema hivyo wazi kwa sababu wengine waliomsifu makaburini walimpaka sukari wakamfanya mtu asiyetaka chochote. Alitaka. Aliyajua magari yote yaliyoegeshwa uwanjani mwa kanisa, jipya ni lipi na lililokarabatiwa ni lipi. Mteja tajiri akileta kitambaa, Mwalimu alikipapasa muda mrefu kabla ya kukikata. Nilimkuta siku moja anapinda chini gauni la bibi mmoja wa maana, akainua macho na kuniita msichana kwa Kikikuyu, "Kairitu, hii nguo ingejua mwili wangu!" Tulicheka mpaka uzi ukakatika.

Lakini zaidi ya yote alitaka shamba. Si la kulima, wala si la kuuza baadaye kwa bei. Alitaka mahali pa kuzikwa. Hakuwa na kwao pa kurudi, na kwa nini hakuwa napo ni jambo ambalo hakupenda kulieleza, nasi hatukumchimba. Alichosema ni kwamba mtu hazikwi kwa landlord. Mama alizoea kumtania, "Mwalimu, kwani utaingia mbinguni na title deed?" naye alijibu bila kucheka, "Mbinguni nitaingia. Shida ni pahali pa kuwacha mwili."

Huku kwetu wauzaji wa ardhi wana desturi ya kuwapeleka watu kuona viwanja bure. Unajiandikisha, unapandishwa basi, unapewa soda, unatembezwa kwenye nyika iliyopigwa vigingi huku kijana mwenye kofia akikuonyesha barabara itakapopita siku za usoni. Mwalimu alizipenda safari hizo kuliko sherehe yoyote. Alivaa nguo za Jumapili, akabeba mkoba, akauliza maswali ya mtu mwenye pesa, kuhusu maji na stima na hati, akanywa soda yake pole pole. Kabla ya kurudi aliinama kama anayefunga kiatu, akachota udongo, akaufunga kwenye leso ya mkononi. Nyumbani aliutia kwenye mkebe wa mafuta ya kupikia na kuupanga dirishani. Mikebe ilijaa dirisha zima, na katika kila mmoja alipanda dania au vitunguu vya majani. Nilipokuwa msichana alizoea kunituma, "Hebu enda unikatie dania kwa shamba yangu ya Juja." Nyakati nyingine ilikuwa shamba yake ya Makuyu. Nilikwenda dirishani, nikakata.

Acha niseme hili sasa, kwa sababu sitaki kumaliza nalo. Tulimzika kwenye makaburi ya umma, katikati ya watu ambao hatukuwajua wala wao hawakumjua. Mama na mimi tulibeba ile mikebe kwenye karai. Jeneza liliposhushwa tuliimwaga juu yake, mmoja baada ya mwingine, Juja, Makuyu, Gatundu, na mingine ambayo hatukukumbuka ilitoka wapi, pamoja na dania zake. Mchimba kaburi alituuliza tunafanya nini. Mama alimwambia, "Huyu mama anarudi kwake," kisha akakaa kwenye nyasi akalia kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, hata siku tulipomzika baba.

Wengi husema aliharibiwa na kanisa la Ruiru. Mimi huanza mapema kuliko hapo. Kanisa letu la Kamenu lilipoamua kujenga jengo jipya, harambee zikawa kila mwezi, na majina ya waliotoa yakasomwa kwa kipaza sauti, waliotoa nyingi kwanza. Viti vya mbele vikapata wenyewe. Kisha wazazi wenye watoto wa shule za akademi wakataka darasa la Jumapili lifundishwe kwa Kiingereza, na skrini, na kijana aliyesomea. Mwalimu aliitwa mbele ya ibada, akashukuriwa, akapigiwa makofi ya mpangilio, akapewa leso na thamosi ya chai. Nilikuwa nimeshakua mtu mzima, nikamkuta nje ameikumbatia ile thamosi.

"Uko aje, Mwalimu?"

"Nashukuru," akasema.

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia akijibu kama mgeni.

Aliyemwalika Ruiru ni mteja wake mmoja. Ibada ilikuwa katika jumba lililowahi kuwa gereji ya malori, si mbali na duka langu hapa Gitothua, viti vya plastiki vimevishwa vitambaa vyeupe na spika zikitikisa mabati ya jirani. Mhubiri alikuwa kijana, wote wakimwita Apostle. Ningependa kusema alikuwa mwongo tangu mwanzo. Lakini nilimsikia akisimulia jinsi alivyolala njaa utotoni, na machozi yake yalikuwa machozi. Alilia kama watoto wa banda letu la mabati, tofauti ni kwamba hakuna aliyewahi kumwambia akae.

Siku ya kwanza Mwalimu alipoingia, amechelewa, ametafuta kiti nyuma, Apostle aliteremka jukwaani. Akamshika mkono mbele ya watu wote, akamkalisha safu ya kwanza. Baadaye akamuuliza anataka Mungu amtendee nini, naye akasema shamba. Tangu hapo jina lake kule likawa Mama Shamba. Miaka yote aliyofundisha Kamenu hakuwahi kukalishwa mbele. Hilo nalielewa mpaka leo, na ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu nikijiweka mahali pake naona na mimi ningerudi Jumapili iliyofuata.

Alikuwa akipitia dukani kwangu baada ya ibada kunywa chai. Tulikaa katikati ya magunia ya chakula cha ng'ombe, nami kwa mazoea nikamuuliza.

"Mwalimu, uko aje?"

"Nimebarikiwa na nimeinuliwa."

"Aii, Mwalimu. Hiyo si jibu."

"Kairitu, mimi sijibu. Mimi nakiri."

Akanieleza. Kule Ruiru kukiri ilikuwa kutamka kile unachotaka kiwe, kana kwamba kimeshakuwa, bila kuyumba. Ukisema una njaa, umeiita njaa ikae kwako. Ukisema u mgonjwa, umeukaribisha ugonjwa chai. Lakini ukikiri mali, mali inakusikia, inaanza safari. Kwa hiyo shamba alikuwa nalo tayari. Akaanza kunieleza miparachichi iliyoko, na mahali lango litakapokaa, na namna maji yanavyotoka kwa nguvu. Nilimtazama usoni nikitafuta utani, maana alikuwa mtu wa utani, nisiuone.

"Lakini ni wewe ulikuwa unatuambia Mungu si mgeni," nikamwambia. "Sufuria ameziona."

Akakoroga chai iliyokwisha kukorogwa.

"Nilikuwa nafundisha watoto maskini vile watabaki maskini," akasema. "Mungu anisamehe."

Niliingia nyuma ya duka nikajifanya natafuta mbegu za sukuma. Nilikuwa mmoja wa watoto hao. Kama kuna kitu nilichokuwa nacho maishani ambacho hakikununuliwa, kilikuwa ni lile benchi, na sasa mwenyewe alikuwa ananinyang'anya.

Halafu ikaja habari ya pini. Nilikwenda Kamenu kumtembelea Mama, nikamkuta Mwalimu barazani anashona sare za shule, viatu amevua, miguu kwenye kanyagio la cherehani. Alishona pekupeku siku zote, akisema mguu ndio unaosikia mashini. Aliponyoosha mguu wa kushoto niliona kichwa cha pini kwenye wayo wake. Ilikuwa imeingia yote.

"Mwalimu, umedungwa!"

"Wapi?"

Nilipoichomoa hata hakushtuka. Akaichukua, akaifuta kwa gauni, akairudisha kwenye kijaluba chake. "Haiya, kumbe nilikuwa naitafuta," akasema, akacheka. Mimi sikucheka. Nyanya yangu alikufa kwa ugonjwa wa sukari, na nilijua mguu usiosikia maana yake nini.

Nilimburuta mpaka zahanati. Muuguzi alipima, akasoma, akatuambia ni sukari, tena imepanda vibaya, na kile kidonda kisafishwe kila siku. Mwalimu alimtazama kwa upole kabisa.

"Sipokei," akasema.

"Hupokei nini, mama?"

"Hiyo ya sukari. Sipokei kwa jina la Yesu."

"Mama, hii si parcel," muuguzi akamwambia. "Imefika kitambo."

Dawa alizichukua. Kwa muda alizimeza kwa siri, naamini, maana kidonda kilianza kufunga. Kisha Apostle akahubiri kwamba huwezi kushika vidonge kwa mkono mmoja na ahadi kwa mkono wa pili. Mama ndiye aliyezikuta dawa hizo kwenye mkebe mmoja wa dirishani, zimefukiwa chini ya dania.

Naomba msomaji asidhani tulinyamaza. Mama alimgombeza, akamnunia, akamletea uji, akamgombeza tena. Mimi nilimwambia wazi kwamba atakufa. Alinifunika mdomo kwa kiganja chake, kiganja kikavu cha fundi chenye alama za sindano. "Usinikirie kifo, mami," akasema. Hakuwa na hasira. Alikuwa ananiogopa, na kuogopwa na Mwalimu wangu ni jambo ambalo sikulitarajia duniani.

Kule Ruiru walifundishwa pia kupanda mbegu, yaani kutoa kitu kinachokuuma ili Mungu akurudishie mavuno. Mimi nauza mbegu. Najua kwamba mbegu nyingine huoza ardhini, na tena nina ujasiri wa kumwambia mteja hivyo. Asubuhi moja boda boda ilisimama mbele ya duka langu, Mwalimu amekaa katikati, na nyuma yake, imefungwa kwa mipira ya tairi, ile cherehani. Miguu yake ya chuma ilitokeza pembeni mpaka magari yakawa yanaipigia honi.

"Shosho anahama," yule wa boda akaniambia, akimwita nyanya kwa lugha ya vijana.

"Sihami. Napanda mbegu," Mwalimu akasema.

"Shosh, hii mbegu ni nzito! Itatoa mashini ngapi?"

"Itatoa shamba."

Kijana akacheka, akadhani ni mzaha. Mimi nilishika cherehani kwa mikono miwili. Nilimwambia, "Mwalimu, utashona na nini?" Akanijibu kwamba atakuwa na watu wa kumshonea. Nilimwambia nitampa mimi kitu kingine akatoe, chochote dukani, achague. Akatikisa kichwa. "Hiyo itakuwa mbegu yako," akasema. Akanibandua vidole kimoja kimoja, pole pole, kama anavyofumua mshono bila kuchana kitambaa.

Niliifuata boda kwa miguu. Nilifika nikaikuta cherehani imeshawekwa madhabahuni, kati ya televisheni ya mtu na jiko la gesi la mtu. Lile kanyagio lililolainishwa na wayo wake lilikuwa linametameta chini ya taa. Sikuiona tena baada ya siku hiyo.

Bila cherehani kodi ya chumba cha Kamenu ilimshinda, akahamia Kiandutu, kwenye chumba kimoja cha mabati. Alikwenda na mikebe yake. Majirani wapya walimtania kwamba amekuja na mashamba mengi mahali ambapo hakuna hata pa kutua mguu, na aliupenda sana utani huo, akaurudia kwa Mama. Mguu ulikuwa umeanza kunuka. Aliufunga kwa ile leso aliyopewa na kanisa la zamani, akaendelea kwenda Ruiru kila Jumapili, namna alivyofika huko kwa mguu ule sijui.

Jumapili moja nilifunga duka nikaenda nikakaa nyuma. Apostle akawaita wenye ushuhuda. Mwalimu akatoka safu ya mbele, akapanda jukwaa akishikwa mkono, akapewa kipaza sauti. Alisimama wima, mkono mmoja kiunoni, vile vile alivyosimama bandani. Nilijikuta na mimi nimesimama, mikono ubavuni. Nadhani mwili ulijikumbukia wenyewe.

"Mguu yangu imepona," akasema. "Imepona kabisa. Na shamba nimepokea."

Watu wakapiga makofi na vigelegele. Leso ilikuwa imelowa mpaka kisiginoni, na dada aliyemshika mkono alikuwa amegeuza uso pembeni kwa harufu. Apostle alilia. Nilikaa chini nikajifunika uso kwa mikono. Mwanamke aliyekuwa kando yangu akanipapasa mgongo akiniambia, "Pokea, dada, na wewe pokea."

Walewale majirani wa Kiandutu ndio waliomkuta ameanguka mlangoni, wakampeleka hospitali kwa mkokoteni. Mguu ulikatwa chini ya goti. Walipompigia Mama simu, Mama aliniambia niende peke yangu kwanza, yeye angemgombeza na haikuwa siku ya kugombezana.

Nilikwenda saa ya kuwaona wagonjwa, alasiri, na uji kwenye thamosi ile ile ya kanisa, ambayo Mwalimu alimwachia Mama alipohama. Wodi ilikuwa imejaa watu na mifuko ya matunda. Yeye alikuwa kitanda cha dirishani, amegeukia ukuta, amepungua hata nikamfahamu kwa mkono tu. Nilisimama hapo na uji wangu. Nilitaka kuuliza, kisha nikaogopa. Sikuweza kustahimili kusikia tena kwamba amebarikiwa na ameinuliwa.

"Habari ya mchana, Mwalimu," nikasema.

Hakugeuka.

"Niulize," akasema.

"Nikuulize nini?"

"Unajua."

"Uko aje, Mwalimu?"

"Ngoja nisimame."

Nilimwambia asisimame, ajibu akiwa amelala, daktari atanifokea. Akageuza kichwa akanitazama, na jicho lilikuwa lile la zamani, la kulinyamazisha darasa zima.

"Kwa darasa yangu ni nani alijibu akiwa amelala?"

Basi nikaweka thamosi chini, nikamsaidia. Alikaa kwanza ukingoni, akapumua. Kisha akashika chuma cha kitanda akainuka juu ya mguu mmoja, gauni la hospitali likining'inia. Nilipomshika kiwiko akausukuma mkono wangu. Aliachia chuma. Akaweka mikono ubavuni, kama tulivyokuwa tukiweka sisi, akayumba, akatulia.

"Mimi ni mgonjwa," akasema. Alisema kwa sauti ya kawaida, lakini kitanda cha pili walinyamaza. "Niko na sukari. Mguu haikuwa imepona siku ile nilisema imepona, na nilikuwa najua. Shamba sina. Sijawahi kuwa na shamba. Naogopa. Nimekuwa nikiogopa hiyo wakati yote." Akafikiri kidogo, mfano wa mtoto anayehakikisha hajaacha kitu. "Na nataka mashini yangu."

Alibaki amesimama, ananitazama. Nilidhani kuna neno zaidi linakuja. Nilimwambia alale sasa, akatikisa kichwa. Nilimwambia uji utapoa. Hakukaa. Alikuwa anangoja, na jasho lilimtoka usoni, na watu wote wa wodi wakatutazama, nami kwa upumbavu wangu nikawa namtazama tu mtu wa mguu mmoja akiumia mbele yangu, mpaka nikaelewa kwamba safari hii zamu ya kusema ilikuwa yangu.

"Hiyo ni ya ukweli, Mwalimu," nikasema. "Kaa."

Akakaa.